Pikipiki ya Mtumba Ndani ya Ndoa Yetu

Wanandoa wengi ninaowafahamu hugombana kwa ajili ya pesa, ndugu au simu. Sisi tuligombana kwa ajili ya pikipiki, na aliyeitaka hakuwa mume. Alikuwa mke, yaani mimi: mama wa mtoto mmoja, miaka 33, mhasibu wa kliniki ya meno, futi tano na inchi mbili nikisimama wima, mkazi wa Minneapolis hapa Marekani kwa mwaka wa tisa sasa.

Huko nyumbani ukitaja pikipiki mtu anawaza bodaboda, na mwanamke akikaa mbele badala ya nyuma bado watu wanageuza shingo. Mimi sikutaka bodaboda. Sikutaka pia zile za mashindano ambazo dereva analala juu ya tenki kama chura kwenye jiwe. Nilitaka kruza. Kama hujawahi kuiona karibu, ni ile pikipiki ndefu yenye kiti cha chini, usukani mpana na pa kukanyagia pako mbele, kiasi kwamba mwendeshaji anakaa kama yuko barazani anasubiri chai. Harley-Davidson, kampuni iliyoanza Milwaukee mwaka 1903, ndiyo iliyowafundisha Wamarekani kuipenda mikao hiyo. Baadaye Honda, Yamaha, Suzuki na Kawasaki wakaja na za kwao kwa bei ya mtu anayeishi kwa mshahara. Za ukubwa wa kati zinaanzia kama cc 500 na kuishia kwenye 800 au 900 hivi. Bodaboda nyingi za Dar ni cc 125 au 150, kwa hiyo pima mwenyewe.

Mume wangu aliuliza swali moja tu: "Kwa nini?" Nikamjibu ukweli. Baba yangu alikuwa bwana shamba, na serikali ilimpa pikipiki ya kuzungukia vijiji. Jioni akirudi alikuwa ananipakia juu ya tenki kutoka barabarani mpaka mlangoni, mita kama mia mbili hivi. Mita mia mbili hizo sijawahi kuzisahau. Nikamwambia nina kazi, nina leseni ya gari, mtoto wetu ameanza shule, na kabla sijafika miaka 40 nataka kuendesha ya kwangu.

Hakusema kitu. Alinuna siku tatu, akawa anajibu "ndiyo" na "hapana" tu, na mimi nilijua sababu. Mwaka 2012 mdogo wake alikufa Tabata akiwa abiria wa bodaboda. Helmeti ilikuwepo moja, ya dereva. Mume wangu ndiye aliyekwenda hospitali kumtambua. Sasa wewe msomaji wangu unaweza kusema huyu mwanamke hana huruma, anamletea mwenzake kidonda mezani. Nilishalifikiria hilo. Ila niliona pia kwamba kama nikinyamaza, kitu hicho kitakaa kati yetu miaka yote, kila nikisikia injini inapita dirishani nitajifanya sijaisikia na yeye atajifanya hajaniona nikigeuka. Kwenye ndoa mimi naogopa mambo ya kujifanya kuliko ugomvi.

Siku ya nne alikuja na karatasi. Mume wangu ni mtu wa hesabu, anafanya kazi kwenye ghala la vipuri, hajibu kitu mpaka ahesabu. Alikuwa ameingia kwenye takwimu za shirika la serikali linaloshughulikia usalama barabarani hapa Marekani, NHTSA, akakuta kwamba ukihesabu kwa kila maili inayosafiriwa, mwenye pikipiki anakufa zaidi ya mara 20 kuliko mtu aliye ndani ya gari. Alinisomea taratibu, halafu akanyamaza. Nikamwambia namba hiyo ni ya kweli na sibishani nayo. Lakini namba hiyo imewaweka kapu moja watu wote: aliyelewa, asiye na leseni, kijana wa miaka 19 aliyenunua cc 1000 jana, na mama wa watu anayeendesha taratibu Jumapili mchana.

Nikamwonyesha ripoti nyingine, ya zamani lakini bado inatajwa sana. Inaitwa Ripoti ya Hurt, kwa jina la Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California (na kwa anayejua Kiingereza jina lenyewe linatosha kumkimbiza mtu). Ilitoka mwaka 1981. Timu yake ilikwenda kwenye ajali zipatazo 900 za pikipiki eneo la Los Angeles, wakapima alama za tairi na kukagua helmeti. Waligundua kwamba asilimia 92 ya waendeshaji waliopata ajali hawakuwahi kufundishwa rasmi, walijifunza wenyewe au kwa ndugu na marafiki. Zaidi ya nusu walikuwa na pikipiki ile kwa muda usiofika miezi mitano. Na ajali zilizohusisha gari, theluthi mbili gari ndilo lililoingilia njia ya pikipiki, mara nyingi likikata kushoto mbele yake kwenye makutano.

Alisoma yote. Akasema, "Basi tuanze na shule. Pikipiki baadaye." Hapo nikajua mlango umefunguka kidogo. Akaongeza masharti: bajeti isizidi dola 3,000 pamoja na mavazi, kila pikipiki tutakayokwenda kuiangalia na yeye awepo, na kabla sijaiingiza barabarani tukae tuandike mambo ya mtoto. Hilo la mwisho nitalirudia, kwa sababu ndilo watu hawapendi kulizungumza.

Bajeti nayo ilikuwa na maneno yake. Tuna pagale Kibaha. Kuta zilikuwa zimesimama, lenta haijamwagwa, na kila mtu aliyejenga akiwa ughaibuni anajua pagale linavyoweza kumtazama mtu kutoka maili elfu nane. Dola 3,000 ni lenta na chenji inabaki. Tulikubaliana pikipiki itoke kwenye hela yangu ya kazi ya ziada, ile ya kufunga mahesabu ya kodi kuanzia Januari hadi Aprili, na hela ya Kibaha isiguswe.

Nilianza na mtihani wa maandishi, nikapata kibali cha kujifunzia. Katika jimbo hili la Minnesota mwenye kibali hicho haruhusiwi kubeba abiria, haruhusiwi kuendesha usiku wala kwenye zile barabara kuu za kuunganisha majimbo, na lazima avae helmeti. Ukishapata leseni kamili na una miaka 18, sheria haikulazimishi tena helmeti. Mume wangu alipogundua hilo alishangaa mpaka akasimama. Kila tukimpita mzee wa Kimarekani kichwa wazi ndevu zinapepea, anatikisa kichwa: "Hawa watu wana bima ya nini?"

Halafu kozi. Unasoma nadharia kwanza, kisha unaingizwa kwenye uwanja wa lami uliowekewa koni, na pikipiki ndogo za kujifunzia wanazo wao. Dada yangu, kama kuna hela moja ya kutumia kabla ya nyingine zote, ni hiyo. Nilijifunza kuachia klachi kwa kipimo, pale inapoanza kushika, bila mguu kugusa breki kwa woga. Nilijifunza kwamba kwenye kasi, ukitaka kwenda kushoto unasukuma mshikio wa kushoto mbele. Ukisikia hivyo unaona ni uongo mpaka ujaribu. Nilijifunza kuangalia ninakotaka kwenda na siyo shimo ninaloliogopa. Na breki! Huko nyumbani nilikua nikisikia kwamba breki ya mbele inampindua mtu, kwa hiyo watu wanakanyaga ya nyuma tu. Kumbe ukifunga breki uzito wote unahamia mbele, na ile ya mbele ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi, mradi uibane taratibu kama unakamua embe, usiinyakue. Nilifaulu mtihani wa uwanjani, mwalimu akaniambia nina haraka kwenye kona. Mume wangu alikuwa nje ya uzio na mtoto, wanakula karanga.

Sasa tuje kwenye kuchagua, maana hapa ndipo tulipokaa miezi miwili.

Kila mtu atakushauri juu ya cc. Mimi nakwambia anza na makalio na nyayo. Kaa juu ya pikipiki, inyanyue kutoka kwenye stendi, uone kama nyayo zako zote mbili zinalala chini na magoti yamekunja kidogo. Kruza ya kati ina kilo 170 mpaka 250. Kilo 230 zikisimama wima ni nyepesi, lakini zikiinama kidogo kwenye taa nyekundu na mguu wako uko juu ya vidole, zinakwenda chini na wewe. Waendeshaji wapya huangusha pikipiki zikiwa zimesimama au zinageuka kwenye maegesho, siyo kwenye mwendo mkali. Hiyo ndiyo sababu kruza inamfaa mtu mfupi na mtu mpya: kiti chake kiko sentimita 65 hadi 70 kutoka chini, wakati pikipiki nyingine nyingi zinakwenda 80 na zaidi. Na nguvu yake inakuja chini, bila kelele nyingi, haikurushi ukigusa mafuta kwa bahati mbaya.

Pikipiki ndogo sana tuliiacha. Honda Rebel ya cc 250 ni rafiki wa wanafunzi wengi na mjini haina shida, lakini hapa barabara zinakwenda maili 60 na 70 kwa saa, na lori likikupita unataka kuwa na kitu cha kukutoa pale. Kubwa sana nazo tuliziacha. Harley Sportster 883, watu huiita ya wanaoanza, ila kwangu mimi ni nzito na uzito wake uko juu, na ya mkono wa pili bado inadai bei ya jina lake. Anayeipenda aipende.

Zilizobaki kwenye orodha yangu zilikuwa za Kijapani, na kila moja ina tabia kama mchumba. Suzuki Boulevard S40, ambayo kabla ya 2005 iliitwa Savage, ina silinda moja ya cc 652 na uzito wa kilo 170 hivi tu. Nyepesi, inatumia mkanda badala ya cheni, ila silinda moja kubwa namna hiyo inatetemesha mikono ukikimbia sana. Kawasaki Vulcan 500 LTD, iliyokoma mwaka 2009, ina injini iliyotoka kwenye pikipiki ya michezo ya Ninja 500, kwa hiyo inapenda kuzungushwa. Ina gia sita. Honda Shadow VLX ya cc 583 ina kiti cha chini kuliko zote, lakini gia nne tu na cheni ya kulainishwa. Yamaha V Star 650 iliuzwa hapa kuanzia 1998 hadi 2016, kwa hiyo zimejaa na vipuri vimejaa. Injini yake inapozwa na upepo, haina rejeta ya kuvuja, na inaendeshwa na shafti, hakuna cheni ya kukaza. Ubaya wake, kama ubaya ni neno, ina kabureta mbili, na kabureta haipendi petroli iliyolala. Halafu kuna Kawasaki Vulcan S, mpya zaidi, imeanza 2015, cc 649, haina kabureta, pa kukanyagia panasogezwa mbele au nyuma kufuata urefu wa mguu wa mtu, na baadhi yake zina breki za ABS.

Muda wa kununua ni kitu kingine. Hapa theluji inaanza kugusa mwezi wa 11, na pikipiki inakuwa mzigo gereji mpaka Aprili. Ikifika mwishoni mwa Septemba, watu wanaanza kuuza bila kiburi. Machi na Aprili jua likitoka kila mtu anakuwa mwendeshaji na bei inapanda. Tulisubiri Septemba.

Tulikwenda watu watatu: mimi, mume wangu, na kaka mmoja Mkenya tunayesali naye ambaye ameendesha miaka 15 na fundi wa kujifundisha. Kama huna mtu wa namna hiyo, mlipe fundi. Usiende peke yako na mapenzi yako.

Ya kwanza ilikuwa Shadow ya 2003, St. Paul, dola 1,800. Bei poa mno. Yule kaka kabla hata ya kusalimiana vizuri alisogeza kiganja karibu na injini. Ya moto. Tulikuwa tumempigia muuzaji asubuhi tukamwomba asiiwashe, kwa sababu pikipiki yenye matatizo inaficha ugonjwa wake ikishapashwa. Unataka uisikie inavyoamka ikiwa baridi, inachelewa au la, inatoa moshi wa rangi gani. Muuzaji akasema aliisogeza tu. Mume wangu akachungulia chuma za shokapu za mbele, akakuta unyevu wa oili. Ncha ya mkono wa klachi imekwanguka, na pa kukanyagia upande huo huo pamekwanguka pia. Yaani ililala chini, na siyo gereji. Tulimshukuru tukaondoka. Ndani ya gari mume wangu akasema, "Huyu angetuuzia kaburi," halafu akanyamaza mpaka nyumbani. Nilimwachia kimya chake.

Ya pili ilikuwa V Star ya 2008, kule Stillwater kando ya mto St. Croix, dola 2,400. Jamani. Nyeusi, nikeli inang'aa, mzee mstaafu ameitunza kama kitanda cha bibi harusi. Hii ilikuwa baridi kama ilivyotakiwa. Aliiwasha kwa choki, ikakohoa mara mbili, ikatulia, na ile sauti ikaniingia tumboni. Mzee mwenyewe alisema kweli kwamba imekaa misimu miwili bila kutembea tangu agonjeke goti. Tukamulika ndani ya tenki kwa tochi, hakuna kutu. Tukasoma tairi: pembeni kuna namba nne, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Zilisema 1109. Wiki ya 11 ya mwaka 2009! Kashata zake bado nzima, macho yanakudanganya kwamba ni mpya, ila mpira wa umri huo umekauka na hauishiki lami, hasa ikinyesha. Kwa hiyo juu ya 2,400 weka tairi mbili, kusafisha kabureta, betri. Bado niliitaka. Nilikaa juu yake nikaona kabisa mita mia mbili zangu.

Ya tatu ilikuwa Vulcan S ya 2016 yenye ABS, Hastings, mwalimu wa shule, mwanamke, amehamia kwenye kubwa zaidi. Alitaka dola 4,100. Maili 8,000 na kidogo. Risiti zote kwenye bahasha, tairi za miaka miwili, cheni imelainishwa, meno ya gia za cheni hayajachongoka. Namba ya fremu pale kwenye shingo ya usukani tuliilinganisha na ile ya hati ya umiliki, na jina la kwenye hati lilikuwa lake mwenyewe. Hilo usiliruke hata kama muuzaji ana sura ya malaika. Zipo zenye hati iliyogongwa muhuri kwamba bima ilishaifuta baada ya ajali, na zipo zinazouzwa na mtu ambaye hata siyo mwenyewe. Alitusogezea pa kukanyagia karibu kwa ajili yangu, nikakaa, nyayo zote mbili chini. Yule kaka alimkabidhi funguo za gari na hela taslimu azishike, akaenda kuijaribu, akarudi hana la kusema. Kwake hiyo ni sifa.

Basi usiku ule ndiyo tukagombana kweli. Mimi nilitaka V Star. Vulcan S ni nzuri ila haina ule uso. Inafanana na kitu kilichochorwa na kompyuta. Tena imezidi bajeti yenyewe aliyoiweka yeye. Nikamwambia wewe ndiye uliyesema elfu tatu, sasa unataka nini? Akafungua simu akanisomea utafiti wa taasisi ya kampuni za bima hapa, IIHS, kwamba pikipiki zenye ABS zilikuwa na ajali za vifo pungufu kwa asilimia 22 zikilinganishwa na aina zile zile zisizo na ABS. ABS inazuia gurudumu lisijifunge ukibana breki kwa hofu, na mtu mpya hubana kwa hofu. Nikasema mimi nimefundishwa kubana. Akasema, "Umefundishwa uwanjani, kwenye koni. Gari likikukatia hutakumbuka embe."

Tulilala bila kumaliza. Asubuhi nikiwa namfunga mtoto viatu, akasema kwa mgongo, anakoroga chai: "Lenta tutamwaga mwezi wa tatu. Hela inayopungua nitaitoa mimi." Mwanaume ambaye hakutaka pikipiki kabisa, anaongezea hela ili iwe ya gharama zaidi. Sikujua nicheke au nilie, nikaendelea na viatu. Lakini nimelifikiria sana tangu siku ile. Nilikuwa nikidhani ruhusa ndiyo kitu nilichokuwa nakitafuta kwake. Yeye hakunipa ruhusa, na mpaka leo hajasema anaipenda. Alichofanya ni kuingia ndani ya jambo langu na woga wake wote, akaupa kazi ya kufanya.

Mwalimu alikubali dola 3,850. Mavazi yakala nyingine mia sita: helmeti mpya (usinunue iliyotumika, povu la ndani likishabonyea mara moja limemaliza kazi yake na kwa nje huoni kitu), jaketi lenye vikinga kwenye bega na kiwiko, glavu, na buti zinazofunika kifundo. Hesabu ya bajeti tuliivunja kwa pamoja, kwa saini mbili.

Sasa lile la mtoto. Tulikaa Jumamosi usiku mtoto amelala. Tuliongeza bima ya maisha, yangu na yake pia, kwa sababu yeye anaendesha saa moja kwenye barabara ya barafu kila asubuhi na hakuna aliyewahi kumnunia. Tuliandika nani atamlea mtoto kama sote hatupo, tukampigia dada yangu wa Ohio kumwomba, akalia kwanza ndipo akakubali. Tuliandika nani huko nyumbani ana namba za kiwanja cha Kibaha. Ilichukua saa mbili na nusu. Miaka minane ya ndoa, na hayo yote hatukuwahi kuyagusa, eti kwa kuwa ni uchuro. Ningemshauri kila mwanandoa anayesoma hapa afanye hivyo wiki hii, awe na pikipiki au hana hata baiskeli.

Ikabaki mama mkwe, Morogoro. Kuna watu walinishauri nimfiche. Mimi nilikataa, picha zinasafiri, na mama yule amezika mtoto, hawezi kusikia kwa shangazi wa tatu. Mume wangu alipiga simu, wakasalimiana, akamweleza taratibu, halafu akanipa mimi. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." Kimya. Nikasikia kuku wake. Kisha akauliza:

"Unavaa helmeti?"

"Navaa mama. Kila siku."

"Na anayekaa nyuma?"

"Haina nyuma mama. Ina kiti kimoja tu."

Akashusha pumzi. "Haya. Mwanangu, usimpakie mtu." Nikamwahidi. Hatujazungumza tena habari hiyo, ila kila Jumapili akipiga anauliza hali ya hewa ya huku, na hapo zamani hakuwahi kuuliza hali ya hewa.

Mwezi mmoja nilioupata kabla ya theluji niliutumia kwenye maegesho ya shule Jumamosi asubuhi, halafu mitaa ya karibu, halafu barabara ya 61 kandokando ya Mississippi kuelekea Red Wing, majani yamekuwa mekundu pande zote mbili. Ninamtumia ujumbe nikiondoka na nikifika. Mvua ikiwepo siendi. Novemba nilijaza tenki, nikatia dawa ya kuzuia petroli isiharibike, nikaiunganisha betri na chaja yake, nikaifunika. Mume wangu ndiye aliyenunua kifuniko.

Lenta ya Kibaha ilimwagwa Machi, tarehe 14. Fundi alituma picha sita, moja imepinda.